Rangi ya Banda la Ndege

Mtu ajengaye nyumba huuliza kwanza habari za mvua, za mchwa na za gharama. Ajengaye banda la ndege imempasa kuuliza neno la nne: je, watakaokaa humo wataweza kuishi pamoja na kitu tulichokipaka? Neno hili tulilitafakari sana sisi wa nyumba yetu, tulipojenga banda la njiwa na kanga nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nasi twaona yafaa kuwasimulia wasomaji, maana katika Ugogo nyumba nyingi zina kuku, na kuku nao wana banda.

Mbao zetu zilikuwa za msindano, kama zile zitokazo katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill, huko Mufindi. Ni nyepesi, zapokea msumari vizuri, na bei yake si kama ya mninga. Lakini mchwa wazipenda, na jua la nchi yetu kavu huzipasua upesi. Tena ufa si hasara ya ubao tu, kwa sababu ndimo aingiamo papasi. Watu wa Ugogo twamjua papasi tangu zamani, yule wa tembe aletaye homa. Ndege nao wana papasi wao, ajifichaye ufani mchana na kutoka usiku kuwanyonya damu. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo mbao hazikuweza kuachwa tupu.

Fundi alitushauri tupake oili chafu, yaani ile imwagwayo kutoka injini za magari. "Mwalimu," alisema, "oili hii haina gharama, na mchwa huiogopa." Ndiyo sababu nguzo nyingi, mjini na vijijini, ni nyeusi. Lakini jirani yetu mmoja, mama mjane asomeshaye watoto wawili kwa kuuza mayai na vifaranga, alikuwa ameipaka oili hiyo ndani ya banda lake, hata penye viota. Kuku wake aliatamia mayai kumi na mawili siku zake zote ishirini na moja, wala halikuanguliwa hata moja. Wataalamu wa ndege wamekwisha kulichunguza jambo la namna hii. Ganda la yai lina vitundu vingi sana, na kwa hivyo kifaranga hupata hewa. Oili kidogo tu, hata matone machache yaliyochukuliwa na manyoya ya kifua cha kuku, yaweza kumwua aliye ndani. Msimu ule mama yule hakuuza kifaranga, na madaftari ya watoto yalinunuliwa kwa deni.

Yatupasa kujua kwamba ndege si kama ng'ombe wala mbuzi. Mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa mwilini, na pumzi yake huchukua upesi kila kilichomo hewani. Kwa sababu hiyo wachimbaji wa makaa ya mawe katika Uingereza walishuka migodini pamoja na ndege wadogo waitwao kanari, desturi iliyokoma mwaka 1986. Ndege akianguka, watu walijua kwamba hewa ni mbaya, wakatoka. Tena ndege hana mikono. Kila kitu hukijaribu kwa mdomo: rangi ibanduka, yeye aidonoa, ubao walainika, yeye autafuna.

Basi tulikataa vitu vinne. Kwanza, oili chafu. Pili, mabaki ya rangi ya zamani, maana rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, nayo ni sumu kwa ndege na kwa watoto pia. Tatu, vipande vya nguzo za umeme, kwa kuwa hutiwa dawa kali za kuzuia mchwa na kuoza. Nne, rangi yo yote ya mkebe iliyoandikwa kwamba ina dawa ya kuua wadudu au kuvu. Hata wavu mpya wa waya tuliusugua kwa brashi na siki, tukausuuza, ili kuondoa chembe za zinki zilizolegea.

Tulichokichagua ni mafuta mabichi ya kitani, nta ya nyuki, na ngeu. Ngeu ni ule udongo mwekundu ambao mafundi huutumia kutia alama. Wekundu wake ni wa kutu ya chuma, wala hauna madhara kwa ndege. Atakaye kujua kama rangi ya udongo yadumu, na aende Kolo, Kondoa, akaone michoro myekundu ya watu wa kale, iliyotiwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nta tuliiyeyusha katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, mbali na mwali, tukaichanganya na mafuta, kisha tukatia ngeu iliyochekechwa. Tulipaka nje tu, mara mbili, tukingoja wiki nyingi mpaka kitambaa cheupe kisichukue mafuta wala pua isisikie harufu. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe, maana huweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke.

Ndani tulipaka chokaa, ambayo huziba nyufa, tukaiacha ikauke kabisa. Vijiti vya kutulia ndege tuliviacha bila rangi. Na kwa kuwa mafuta haya hayaui mchwa, nguzo tulizisimamisha juu ya mawe, ili njia ya mchwa ionekane na kukwanguliwa.

Kazi hii yataka kurudiwa kila mwaka kabla ya mvua, nayo yapita oili chafu kwa gharama. Kwa asiyeweza kununua kitani, twashauri chokaa, mawe chini ya nguzo, na viota vya majani makavu katika vipande vya mitungi, kama alivyofanya jirani yetu baadaye. Kinachookolewa si ubao. Ubao ukiliwa na mchwa, mwenye banda hununua mwingine. Lakini mayai yakifia kiotini, siku ishirini na moja zimepotea, na ada ya mtoto pamoja nazo.