Desturi za Mashine

Mtu anunuapo kompyuta ya mezani hununua vitu viwili kwa bei moja. Cha kwanza huonekana kwa macho: sanduku, kioo, kibodi, kipanya na nyaya zake. Cha pili hakionekani: ni desturi ambazo mashine ilipewa na walioiunda, nayo huja nazo kama mgeni ajavyo na mila za kwao. Aghalabu mnunuzi hukitunza cha kwanza na kukisahau cha pili. Hukipangusa vumbi, hukishonea kitambaa cha kukifunika, hukiongezea vifaa kila apatapo fedha. Lakini desturi za mashine huziacha kama alivyozikuta, kwa kudhani kuwa hazimhusu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alikuwa mtu wa namna hiyo, na yaliyompata yastahili kuelezwa.

Mwalimu huyo alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa wake. Wanachama walikuwa watu wa kipato kidogo: wavuvi, mafundi cherehani, wauza vitumbua na wastaafu wenzake. Kila mmoja alitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na alipofiwa, chama kilimpa sanda, gari na chakula cha matanga. Sharti lilikuwa moja: aliyekosa kulipa kwa miezi mitatu hakuwa na haki ya kusaidiwa. Kwa miaka mingi hesabu hizo ziliandikwa katika daftari. Mwishoni mwa mwaka 2017 mwalimu alinunua kompyuta iliyokwisha tumika, akaazimia kuwa hesabu za mwaka 2018 zitunzwe humo.

Alianza na vifaa. Kioo kilichokuja na mashine kilikuwa kidogo, na macho yake yalikuwa yamechoka. Akakibadilisha kwa kioo cha inchi 22. Mashine ilikuwa nzito wa kazi, kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti 2 tu. Akanunua kipande kingine cha ukubwa ule ule. Alizima umeme, akachomoa waya, akagusa chuma cha sanduku ili umeme uliotulia mwilini mwake usikiunguze kipande kile, kisha akakisukuma katika mfereji wake mpaka vishikizo vya pembeni vikalia. Kipande hicho kina pengo lisilokuwa katikati kabisa, hata mtu hawezi kukiingiza kinyume. Waliokiunda walijua kuwa mkono wa mwanadamu hukosea.

Baada ya hapo ilikuja printa kuukuu. Waya uliunganishwa, taa ikawaka, lakini printa haikutoa hata herufi moja. Fundi kijana aliyeitwa kuitazama alisema, "Mwalimu, waya umefika, lakini mkalimani hajafika." Alimweleza kuwa kila kifaa kina lugha yake, na kwamba mashine huhitaji programu ndogo, iitwayo kiendeshi, ya kufasiri amri zake kwa kifaa hicho. Kiendeshi kilitafutwa, kikatiwa, na printa ikatii.

Mwalimu alipolalamika kuwa kazi hiyo ina taabu, fundi alimhadithia taabu za zamani. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na nafasi 5 za kadi za ziada, na njia za vifaa kuiita mashine ziangalie zilikuwa 8 tu. Aliyeongeza kadi alilazimika kupanga kwa mkono vijiti na swichi ndogondogo, na vifaa viwili vilipopangiwa njia moja viligombana hata kimoja, au vyote viwili, vikanyamaza. Mwaka 1995 programu ya Windows 95 ilikuja na utaratibu wa mashine kukitambua kifaa na kukipangia njia yenyewe. Na mwaka 1996 ukatolewa mwafaka wa USB, uliowezesha vifaa vya aina nyingi kutumia tundu la namna moja, hadi vifaa 127 katika mfumo mmoja. Mwalimu alisikiliza akashukuru kuzaliwa kwa urahisi huo.

Basi alipokwisha ongeza vifaa, alifungua mlango wa mipangilio. Alikuza herufi, akapunguza mwanga wa kioo, akachagua picha ya bahari. Mahali palipouliza nchi ya mtumiaji paliandikwa Marekani. Alipatazama akapapita. Hakuwa na safari ya Marekani, wala biashara huko, na hakuona neno hilo litamdhuru nini mtu wa Tanga.

Mwaka ulikwenda. Kila malipo yalipopokewa mwalimu alikata stakabadhi, kisha akaandika tarehe katika jedwali la mashine kama alivyoandika maisha yake yote: siku kwanza, halafu mwezi. Mara nyingine mashine ilimkatalia. Alipoandika 15/3, maneno hayo yalisogea upande wa kushoto wa chumba chake, wala hayakuhesabiwa. Mwalimu aliyaona, akaandika upya kwa kutaja mwezi kwa jina, mashine ikakubali. Alidhani ni ukaidi mdogo wa mashine, akauzoea.

Mwishoni mwa Desemba 2018 mama mmoja muuza vitumbua alifiwa na mzazi wake. Kamati ilikutana alasiri ile ile, na mwalimu, kwa mara ya kwanza, aliiamuru mashine itoe muhtasari wa mwaka: kila mwanachama, na kila mwezi aliolipa. Mbele ya jina la mama yule palikuwa na alama moja tu, ya Februari. Miezi kumi na mmoja ilikuwa mitupu.

Wajumbe walitazamana. Mfiwa aliitwa, akaja na kanga yake ya msiba, akaambiwa yaliyoonekana.

"Mwalimu," alisema, "nimekupa mkononi mwako kila tarehe mbili ya mwezi. Hata mwezi mmoja sikukupita."

"Binti yangu," mwalimu alijibu, "si mimi ninenaye, ni hesabu."

Mama yule hakubishana. Alisema tu kuwa maiti haingoji, akarudi nyumbani. Mazishi yakafanyika kwa mkopo wa majirani.

Usiku ule mwalimu hakupata usingizi. Alikuwa amefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, na alijua kuwa hesabu hainyamazishi shahidi mkweli bila sababu. Aliwasha taa akafungua kitabu cha stakabadhi. Vishina vya mama yule vilikuwa kumi na viwili, vyote vya tarehe mbili, vyote kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe. Akafungua mashine, akaona 2/1, 2/2, 2/3, mpaka 2/12, sawasawa na vishina. Jicho halikuona kosa. Ndipo alipoiagiza mashine iandike miezi kwa majina, nayo ikaandika: Februari 1, Februari 2, Februari 3, mpaka Februari 12.

Desturi ya Marekani ni kutaja mwezi kabla ya siku. Mashine ilikuwa imesoma kila tarehe kwa desturi hiyo, na mtu aliyelipa mara kumi na mbili katika mwaka ilimhesabu kuwa amelipa siku kumi na mbili mfululizo za mwezi mmoja. Malipo ya tarehe mbili Februari peke yake ndiyo yaliyosomwa sawa, kwa kuwa siku na mwezi vililingana.

Mwalimu alipofikiri zaidi aliona jambo lililomwumiza kuliko kosa lenyewe. Waliolipa baada ya tarehe 12 walikuwa salama, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu. Mashine ilizikataa tarehe zao, na kukataa huko kulimfanya azisahihishe. Waliolipa mapema, wasiosubiri kukumbushwa, ndio waliodhulumiwa, kwa kuwa tarehe zao zilikubaliwa kimya kimya kwa maana isiyokuwa yao. Kosa lenye kelele huwa na bahati ya kuonekana. Mwezi wa Aprili 1998, katika maonyesho ya COMDEX mjini Chicago, kifaa cha kunakili picha kiliunganishwa na kompyuta ya Windows 98 mbele ya Bill Gates na hadhira kubwa, na mashine ikaanguka pale pale. Watu wakacheka, na hakuna aliyepoteza haki yake. Kosa la Tanga halikuchekesha mtu, kwa kuwa halikusikika.

Asubuhi alibadilisha mpangilio wa nchi kuwa Tanzania, akitumaini kuwa jedwali litajinyosha. Halikujinyosha. Jedwali la namna ile haliweki tarehe kama ilivyoandikwa. Huweka hesabu ya siku zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1900, na kubadili desturi baadaye hubadili sura ya tarehe tu, wala si siku iliyokwisha wekwa. Ilimpasa kurudi katika vishina vya karatasi na kuandika upya malipo yote ya tarehe 1 hadi 12. Safari hii alitanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa mtindo wa kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 iliyotolewa mwaka 1988, usiomwachia msomaji nafasi ya kukisia.

Kabla matanga hayajaondolewa, msaada wa chama ulifika kwa mfiwa, na mwalimu aliupeleka mwenyewe. Aliomba radhi mbele ya watu wale wale waliosikia tuhuma. Hakuitaja mashine katika radhi yake. Alisema kuwa aliulizwa swali akalipita bila kulijibu, na jibu la mwingine likatumika kumhukumu mwenzao.

Baada ya hapo alisoma kila ukurasa wa mipangilio. Aliona mashine imelianza juma kwa Jumapili, ilhali jina lenyewe la Jumamosi husema kuwa ndiyo siku ya kwanza. Akachagua Jumatatu, kwa ajili ya siku za ofisi na benki. Aliona saa ya mashine ikionyesha saba wakati nyumbani kwake watu wakisema saa moja asubuhi. Akaiacha, kwa kuwa kila mtu mtaani huzijua hesabu zote mbili. Si kila desturi ngeni ilihitaji kufukuzwa. Lakini kuacha jambo kwa kulijua si sawa na kuliacha kwa kutolitazama.

Kioo kikubwa, kumbukumbu ya ziada na printa vilimsaidia mwalimu kufanya kazi kwa wepesi, na wepesi ni jambo jema. Ila vifaa humwongezea mtu nguvu ya kutenda tu. Haki ya anachotenda hutegemea mambo madogo aliyoyaagiza kabla ya kuanza. Kitabu cha stakabadhi kingali juu ya meza ile, kando ya kibodi, na kila mwisho wa mwezi mwalimu hukifungua akakilinganisha na mashine, kishina kwa kishina.