Kanda za Dada Hazikuota Ukungu

Mwezi wa nne mwaka 2012 nilimdanganya dada yangu kwenye simu. Yeye alikuwa Mwanza, mimi Dar es Salaam. Nilimwambia kanda zake za video zimeota ukungu, hazifai tena hata kuingizwa kwenye deki, nimezitupa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi, pole mdogo wangu. Najua ulijitahidi kuzitunza."

Nilipewa pole na mtu niliyemwibia.

Kanda hazikuota ukungu. Nilizitoa kwa mikono yangu zikiwa nzima, bado zinaonyesha picha safi, nikazipeleka zikaamie ndege kwenye shamba la mpunga. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote mpaka leo, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo linavyozidi kunisumbua.

Zilikuwa kanda 31, ndani ya katoni la mafuta ya kula, chini ya kitanda. Dada alikuwa fundi cherehani. Kanda tupu moja ya saa tatu aliinunua Kariakoo kwa ujira wa kushona sketi mbili za shule, na deki yenyewe aliilipia kidogo kidogo kwa jirani aliyekuwa anahama. Alichorekodi ni michezo ya kuigiza ya ITV, kwanza Mambo Hayo, baadaye Kaole. Aliyezaliwa juzi huenda asielewe uzito wake. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi, lakini sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Tulikuwa tumezoea kuona Wahindi wakiimba na Wachina wakirushiana mateke kwenye vibanda vya video. Ghafla kwenye kioo kuna mtu anadaiwa kodi ya chumba, kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, na mwenye nyumba anafanana na mwenye nyumba wetu. Mzee Jengua akikunja uso, sebule nzima ilinyamaza. Bi Hindu akifungua kinywa, akina mama walianza kujibizana naye kama vile anawasikia.

Ila Mama yetu hakuwa sebuleni. Jioni ndiyo ilikuwa kazi yake: alikaanga samaki stendi na kurudi saa nne usiku. Kwa hiyo Dada alirekodi kwa ajili ya Mama. Mama akishaingia, akaosha miguu uani na kula, anakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, anasema, "Haya, niwekee." Dada anabonyeza. Sisi tuliokwisha kuona tulikaa kuona tena, na tulikatazwa kusema kitakachotokea mbele.

Kazi ya kurekodi nilikuwa naitazama kila siku na sikuwahi kuiona kuwa ni kazi. Dada alikaa sakafuni karibu kabisa na deki, kidole juu ya kitufe cha kusimamisha. Tangazo la biashara likianza, anabonyeza, taa nyekundu inaanza kupepesa. Tangazo likiisha, anaachia. Akichelewa kidogo, neno la kwanza la mwigizaji linakatika na Mama atauliza, "Kasemaje hapo?" Matangazo yakiwa marefu mno, deki inachoka kusubiri na kujizima yenyewe ili utepe usiliwe na kichwa chake, basi inabidi kuanza upya kwa haraka. Dada alihesabu matangazo kwa midomo bila sauti. Nilimwona siku moja ana homa, amejifunga khanga kichwani, anatetemeka, kidole kiko palepale.

Kanda ikijaa, alichukua kisu akavunja kile kipande kidogo cha plastiki kwenye ubavu wake. Kikishavunjwa, deki inakataa kurekodi juu yake. Halafu anaandika kwenye lebo kwa kalamu ya bluu: namba ya kanda, jina la mchezo, tarehe, na mistari miwili mitatu ya kumkumbusha kilichomo.

Aliolewa, akahamia Mwanza. Kanda aliniachia mimi. Alisema atazichukua akipata nyumba yenye nafasi. Mama akafariki mwaka 2007. Mwaka 2010 nilihamia chumba kimoja cha kupanga, nikaanza kulitazama lile katoni kama mzigo. Deki ilikuwa imekufa, watu wote wamehamia kwenye DVD, na Mjomba wetu wa Ifakara alikuwa amekuja mjini kwa matibabu. Akaliona katoni. Akauliza kama tepe zile zina kazi.

Aliyekulia kwenye mpunga anajua kwa nini aliuliza. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea wanashuka kwa maelfu, na mtu akizembea siku mbili anavuna makapi. Zamani watoto walikaa kwenye dungu tangu alfajiri, wakipiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Siku hizi watoto wako shule. Utepe wa kanda ukikazwa kati ya miti miwili na kupindwa kidogo, upepo ukipita unavuma na kumeta juani, na ndege wanaogopa. Kanda moja ya saa tatu ina utepe wa mita 258 hivi. Mjomba alipiga hesabu za ekari zake palepale kitandani, macho yamemng'aa.

Nilikubali bila kumpigia Dada simu. Tena nilisafiri naye hadi Ifakara, nikakaa wiki nzima nikimsaidia. Kila kanda ina skrubu tano. Nilikaa chini ya mwembe na bisibisi, nafungua, natoa magurudumu mawili yenye utepe, naweka pembeni, naokota nyingine. Nilifika namba 12. Juu ya lebo, chini ya jina la mchezo, Dada alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: USIFUTE. YA MAMA.

Niliisoma. Hapa ndipo penye kosa langu, wala si kwenye simu ya mwaka 2012. Niliisoma vizuri, nikaelewa mwandiko ni wa nani na Mama ni yupi, mkono ukasimama. Kisha nikajiambia: vitu hivi vipo kwa wenyewe, kituoni, vimetunzwa. Siku moja vitatoka kwenye DVD, vimesafishwa, kwenye kasha lenye picha, nitamnunulia Dada seti nzima. Nikakaza bisibisi kwenye skrubu ya kwanza.

Sikuwa nimelitoa wazo hilo hewani. Miaka ile Kariakoo ilikuwa imefurika filamu zetu kwenye diski, na tamthilia za Marekani kama 24 na Prison Break ziliuzwa mitaani msimu mzima kwa bei ya soda chache. Kama za Marekani zimetufikia, nilidhani, zetu zitashindwaje? Nilidhani kituo cha televisheni ni kama maktaba, kwamba kilichorushwa mara moja kinapangwa kwenye rafu na kukaa hapo milele. Kumbe hata wakubwa hawakuwa hivyo. BBC ya Uingereza ilifuta au kutupa vipindi vingi vya Doctor Who vya miaka ya 1960. Kanda zilikuwa ghali na zilitakiwa zitumike tena, makubaliano na waigizaji yalibana kukirudia kipindi, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu wa kawaida atakuja kutaka kukimiliki nyumbani kwake. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyokuwa vimepotea vimepatikana Nigeria, kwenye kituo cha televisheni mjini Jos. Waliovipenda walivinunua mara moja.

Lakini kilichonichoma katika habari hiyo ni kingine. Sauti ya kila kipindi kilichopotea ipo mpaka leo, yote, kwa sababu kulikuwa na vijana majumbani waliorekodi sauti ya televisheni kwa mashine zao wakati kipindi kinarushwa. Wenye mali hawakutunza, watazamaji wakatunza. Niliposoma hayo nilimwona Dada sakafuni na homa yake. Maktaba niliyoitegemea ilikuwa chini ya kitanda changu, nami ndiye niliyeifungua kwa bisibisi.

Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012 tuliamka na habari kwamba Steven Kanumba amefariki. Wengi wanamkumbuka kwa filamu. Sisi wa nyumbani kwetu tulimjua tangu Kaole, kijana mwembamba, na Mama alikuwa amesema mapema kabisa, "Huyu mtoto atafika mbali, anasikiliza mwenzake anaposema." Jumanne alizikwa Kinondoni, nami nilikuwa katika umati ule, sikuweza hata kulisogelea kaburi. Jioni yake Dada akapiga simu. Alikuwa amelia, sauti imekwama puani. "Zitafute zile za Kaole," alisema. "Nitatuma nauli uzilete, au uzipe basi. Nataka nimwone alivyokuwa. Na nataka niangalie alichokuwa anaangalia Mama."

Ningeweza kusema kweli. Pengine angelia zaidi, pengine angekata simu, lakini angejua. Badala yake ukungu ukanijia mdomoni kana kwamba nilikuwa nimeuandaa. Na uongo huu unaaminika mno: joto na unyevu wa Dar huotesha ukungu mweupe kwenye tepe kweli, kila mtu anajua. Dada mwenyewe alikuwa akizigeuza na kuzirudisha nyuma kila baada ya miezi michache, asubuhi za jua, ili zisishikane. Aliponipa pole alikuwa ananisamehe uzembe ambao sikuufanya, na ule nilioufanya hakuujua.

Tangu hapo nimetafuta. Nimeuliza kwenye vibanda vya zamani vya kukodisha kanda, vingi sasa ni maduka ya vocha na chaja. Nimeuliza watu waliokuwa na deki mtaani kwetu. Mmoja alizitupa alipopaka nyumba rangi, mwingine aliwapa watoto wafanye mikia ya tiara. Nilinunua deki mbovu na kuitengenezesha nikiwa sina hata kanda moja ya kuweka ndani. Ilipofika Julai 2016 kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza mashine hizo, Funai ya Japani, ikaacha. Kwenye intaneti nilivyopata mimi ni vipande, dakika tano hapa, kumi pale, picha imepauka. Lile kasha nililomwahidi Dada moyoni sijaliona kwenye rafu ya duka lolote. Ningelinunua leo. Ningekopa nilinunue. Nayasema haya nikijua kwamba katika nchi hii kuna mtu mwingine aliyekaa sakafuni na kidole kwenye kitufe, na huenda katoni lake bado lipo. Namwomba asilitoe kwa mtu, na akiweza atafute fundi wa kuzihamisha wiki hii.

Niseme pia nilichokiona shambani, maana sijakisahau. Asubuhi ya pili baada ya kufunga tepe, upepo ulivuma kutoka upande wa mto. Zilianza moja moja, kisha zote kwa pamoja, sauti kama ya nyuki wengi mno, nyembamba na ndefu, na shamba zima likawa linameta mistari ya hudhurungi. Kwelea walikuja kama wingu, wakakata kona angani, wakaondoka. Mjomba alicheka kwa furaha akanishika bega. Alivuna vizuri mwaka ule, nami nilikula wali wake. Baada ya mvua za masika tepe zilikatika, nyingine zikazama kwenye tope, nyingine zikabaki zimejiviringisha kwenye matete.

Mwaka jana tulimzika Mjomba. Dada hakuweza kufika, mguu unamsumbua. Tulipokuwa tunasafisha ghala, binamu yangu alivuta gunia akaniuliza kama ni la kuchoma moto. Ndani yake kulikuwa na makasha matupu ya kanda, ambayo Mjomba, kwa desturi yake ya kutotupa kitu, aliyafunga tena kwa skrubu zilezile. Nimehesabu 29. Lebo nyingi zinasomeka. Wino wa bluu umefifia, lakini namba zipo, tarehe zipo, na mistari yake ya kukumbusha ipo: nani kamfumania nani, nani kafukuzwa kwenye nyumba, wapi umeme ulikatika. Namba 12 iko juu ya meza ninapoandika.

Jana usiku nimempigia. Nilimsalimu, nikamwambia Alhamisi napanda basi la Mwanza, nina mzigo wake na nina jambo la kumwambia ambalo si la kwenye simu. Akauliza, "La heri lakini?" Nilitaka kusema ndiyo, kama tunavyosema siku zote. Nikamwambia, "Hapana, Dada. Nitakueleza nikifika."