Safari ya baridi kwenye mizabibu ya Alsace, na mtoto mwenye sikoseli

Swali lilitoka kwa mtoto. Tulikuwa jikoni kwa dada yangu mjini Freiburg, kusini mwa Ujerumani, ramani ya Alsace imetandazwa mezani juu ya makombo ya mkate. Shemeji alikuwa anapiga mstari kwa kalamu kutoka kijiji hadi kijiji. Mwanawe wa miaka sita akainua kichwa.

"Mama mdogo, theluji inaanzia wapi?"

Sisi watu wazima tulitazamana. Mtoto huyu ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita, na baridi ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuamsha maumivu yake.

Mimi na mama yangu tulikuwa tumetoka Dar es Salaam kwenda kula Krismasi kwao. Alsace ni Ufaransa, lakini kwa mtu wa Freiburg ni ng'ambo tu ya Mto Rhine. Hadi mji wa Colmar ni kama kilomita 50. Shemeji alikuwa na ndoto ya siku nyingi ya kuendesha Njia ya Mvinyo ya Alsace, barabara ya kilomita 170 hivi iliyozinduliwa mwaka 1953. Inaanzia Marlenheim, karibu na Strasbourg, inashuka kusini hadi Thann, mizabibu upande mmoja na milima ya Vosges upande wa pili. Alitaka tuimalize yote kwa siku tatu. Kwa kalamu kila kitu kinawezekana.

Dada akasema kwa sauti ya chini, "Nyinyi nendeni. Mimi nitabaki naye."

Naandika habari za afya, na sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kliniki. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na sikoseli, na katika nyumba nyingi mtoto huyo na mama yake ndio hubaki wakati wengine wanakwenda kijijini, harusini, ufukweni. Si kwamba daktari amekataza. Ni hofu, na hofu hiyo ina sababu.

Mama yangu ndiye aliyekataa. "Sikukaa kwenye ndege usiku kucha nije kutazama zabibu bila mjukuu wangu." Mama ni mtu wa Dodoma. Zabibu amekulia nazo.

Kwa hiyo ramani ikakunjwa, tukaanza upya, safari hii tukianza na mtoto.

Daktari kwanza, hoteli baadaye

Dada alimpeleka kwa daktari wake wa kawaida. Jibu halikuwa "msiende". Alisema mtoto akiwa mzima, anakunywa dawa zake kama kawaida na chanjo zake zimekamilika, anaweza kusafiri. Akaweka masharti matatu: joto, maji, na homa ichukuliwe kwa uzito.

Kuhusu joto, mwili ukipigwa na baridi, mishipa midogo ya damu husinyaa. Kwa mtu mwenye sikoseli, chembe nyekundu zenye umbo la mundu hukwama humo, damu haipiti vizuri, na maumivu huanza. Upungufu wa maji nao huchochea hali hiyohiyo, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea wakati wa baridi. Dar mtoto anatoka jasho, anaomba maji mwenyewe. Kwenye nyuzi mbili juu ya sifuri haombi, na hewa ya hita ndani ya nyumba na gari inamkausha bila yeye kujua. Tukakubaliana kila tukisimama anywe, awe na kiu au asiwe nayo. Tulibeba maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, kwa sababu mtoto gani atakunywa maji baridi kwenye baridi?

Kuhusu homa, ni nyuzi 38 au zaidi, hospitali, wakati huohuo. Hakuna kusubiri asubuhi, hakuna kumpa dawa ya kushusha homa halafu mkalala. Kwa watoto wengi wenye sikoseli bandama haifanyi kazi yake ya kukinga maambukizi, na homa inaweza kuwa dalili ya jambo kubwa. Kipimajoto kiliingia kwenye begi kabla ya nguo. Pia tuliomba barua ya daktari yenye majina ya dawa na vipimo vyake, ikatafsiriwa kwa Kifaransa, maana saa nane za usiku si wakati wa kuanza kutafuta maneno.

Baada ya hapo njia ikajichora yenyewe. Kuhama hoteli kila usiku kuliondoka. Tulichukua nyumba moja karibu na Colmar, mji wenye hospitali kubwa, na vijiji tulivyovitaka, Eguisheim, Riquewihr na Kaysersberg, vyote viko ndani ya nusu saa kutoka hapo. Kabla ya kulipa, dada alimuuliza mwenye nyumba swali moja tu: hita inafanya kazi usiku kucha, au inazimika yenyewe? Liulize hilo hata kama mtoto wako ni mzima. Baadhi ya nyumba hupunguza moto usiku ili kuokoa gharama.

Tarehe nazo zilibadilika. Masoko ya Krismasi ya Alsace yana sifa. Lile la Strasbourg linahesabiwa kuanzia mwaka 1570. Lakini wiki za kabla ya Krismasi watu hubanana hapo bega kwa bega, nusu yao wanakohoa. Tukachagua tarehe 27 hadi 29 Desemba. Si 26, kwa sababu Alsace ina sheria zake za tangu ilipokuwa chini ya Ujerumani, na siku hiyo huko ni sikukuu, ingawa sehemu kubwa ya Ufaransa watu wako kazini. Maduka mengi hufungwa siku mbili mfululizo, kwa hiyo maziwa na mkate nunueni tarehe 24.

Kulikuwa na ubishi mmoja uliobaki. Shemeji alitaka tupande kilele cha Grand Ballon, mita 1,424, mtoto aone theluji ya kweli. Dada alihofia urefu wa mlima. Nilimwambia huo ni urefu wa mji wa Arusha tu, na daktari naye alisema tatizo lingekuwa upepo wa huko juu. Mwishowe barabara yenyewe ilimaliza ubishi: Njia ya Vilele, iliyojengwa na jeshi la Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hufungwa sehemu kubwa majira ya baridi kwa sababu ya theluji. Shemeji alikuwa hajui. Ramani haikumwambia.

Koti nje ya mkanda

Kwenye gari nina jambo ambalo ningependa kila mzazi alisome, hata wa Njombe au Makete. Usimfunge mtoto mkanda akiwa amevaa koti nene. Koti limejaa hewa. Gari likigonga, hewa inatoka, mkanda unabaki umelegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mvue koti, mfunge mkanda ubane kifuani, kisha mfunike blanketi juu yake. Ina maana gari lipashwe joto kabla ya mtoto kuingia, na shemeji alipewa kazi hiyo kila asubuhi. Alinung'unika siku ya kwanza tu.

Ufaransa inataka mtoto wa chini ya miaka 10 awe kwenye kiti chake au cha kumnyanyua. Ujerumani ni hadi miaka 12 au kimo cha sentimita 150. Matairi ya baridi, au minyororo ndani ya buti, ni lazima kwenye maeneo ya milimani yaliyotangazwa, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Kisha kuna mvinyo. Kiwango cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, lakini sisi hatukufanya hesabu hizo. Anayeshika usukani haonji. Wanaonunua wananunua chupa, wanafungulia nyumbani.

Ukitoka nyumbani kwetu, kuna viza ya Schengen, na haitolewi bila bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Soma bima hiyo mpaka mstari wa mwisho. Nyingi haziguswi na ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari, na sikoseli ni ugonjwa uliokuwepo. Mtoto wa dada ana bima ya Ujerumani na kadi ya Ulaya inayokubalika Ufaransa. Angekuwa ametoka Dar nasi, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Namba ya dharura ni 112 kote Ulaya.

Siku zenyewe zilikuwa fupi. Jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo tulitoka saa nne asubuhi na saa kumi tuko ndani. Milima ya Vosges huzuia mvua, ndiyo maana Colmar ni miongoni mwa miji mikavu zaidi Ufaransa. Baridi yake ni kavu, ya kuvumilika ukiwa umevaa vizuri. Eguisheim, ambako mitaa inazunguka kama pete ndani ya pete, mtoto alikimbia duara nzima akarudi alipoanzia na kuapa kwamba tumemdanganya.

Mama alisimama ukingoni mwa shamba akashika mzabibu mtupu, mweusi, bila jani hata moja. "Hawa wanavuna mara moja tu kwa mwaka?" Nikamwambia ndiyo, Septemba na Oktoba. Dodoma tunavuna mara mbili. Alitikisa kichwa kwa huruma ya mkulima. "Na bado wamejenga nyumba nzuri hivi."

Kaysersberg ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875, daktari aliyejenga hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Mimi simsifii bila kusita. Aliwatibu Waafrika huku akiwaona kama wadogo zake wa kuongozwa. Lakini Lambaréné ya leo ina kituo cha utafiti kilichoshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, pamoja na Bagamoyo na Korogwe zetu. Nilimweleza mama hayo tukiwa tumesimama barabarani. Akasema miguu inamuuma, tutafute chai.

Siku ya mwisho tulipanda kidogo, kuelekea ngome ya Haut-Koenigsbourg, mita 757. Kandokando ya barabara, chini ya misonobari, kulikuwa na theluji ya juzi, chafu kidogo. Dada aliangalia saa: dakika kumi. Glovu mbili mbili, kofia, skafu, gari likiunguruma pembeni hita ikiwa juu kabisa.

Mtoto aliiokota, akaibana, akaniletea kwenye kifuniko cha chupa ya chai ili ampelekee rafiki yake. Tulipofika chini ilikuwa maji. Alitazama ndani muda mrefu.

"Kumbe ni maji tu?"

"Ni maji tu," dada alisema. "Na wewe kunywa yako."

Usiku ule dada alimpima mara mbili, saa tatu na saa saba. Nyuzi 36.7 zote mbili. Shemeji aliendesha chini ya theluthi moja ya ile njia yake, na mpaka leo tukipigiana simu anadai kilomita zake zilizobaki.