Siku binti yangu aliposimama mbele ya bampa

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mimi nashika daftari la hesabu. Gereji yetu ipo Arusha. Kazi inayotulisha ni kutengeneza bampa za chuma, keria za juu, ngazi za nyuma na vishikio vya madumu ya mafuta kwa magari yanayoingia porini, hasa Land Cruiser na Land Rover za watalii.

Wazazi wenzangu, leo naomba niwasimulie habari ya bampa moja lililotuharibia hesabu ya ada ya Januari.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Gari la watalii likitoka hapa kwenda Serengeti kupitia Ngorongoro, lami inaishia kwenye geti la hifadhi. Baada ya hapo ni barabara ya vumbi na changarawe inayotikisa kila nati. Bampa la kiwandani la magari mengi ya siku hizi ni plastiki kwa nje na boriti nyembamba kwa ndani. Limetengenezwa kwa ajili ya barabara za mjini. Dereva wa porini anataka mahali pa kufunga winchi, ndoano imara ya kuvutwa akikwama kwenye matope, na pembe zilizokatwa kwenda juu ili tairi likanyage ukingo wa korongo kabla bampa halijaugusa.

Bampa jipya kwetu huanza na boksi. Baba watoto hukata maboksi ya friji na televisheni, anayabandika mbele ya gari kwa gundi, anapunguza hapa, anaongeza pale. Boksi likikubali ndipo anachora kwenye bati la milimita nne na kuanza kukata. Watoto wetu wawili wamekulia humo. Jumamosi, wakishamaliza kufua, yule mdogo wa darasa la pili hupewa mkasi akate pembe za boksi. Akikosea hakuna hasara, boksi lingine lipo. Ukikosea kwenye bati, umekula mtaji.

Nasi tumekosea sana. Bampa letu la kwanza lilikuwa zito mno. Springi za mbele zikalala, na mabomba yakaziba upepo wa rejeta. Gari likawa linachemka kila likipanda mlima kutoka Mto wa Mbu. Jingine lilimgonga mtu nyuma ya lori, wala si kwa kasi. Bampa halikuwa na hata mkwaruzo, mwenye gari akatusifu. Wiki mbili baadaye akarudi analalamika tairi za mbele zinalika upande mmoja. Kumbe chasisi imepinda. Nguvu ya kugonga lazima iende mahali, na sisi tulikuwa tumeipa njia ya moja kwa moja kwenda kwenye uti wa mgongo wa gari. Tangu hapo mume wangu hutengeneza vishikilio vya bampa ili vijikunje kwanza, chasisi ibaki salama.

Hayo yote tulikuwa tunafikiria gari na waliomo ndani. Aliye mbele ya gari hatukuwahi kumfikiria.

Desemba iliyopita alikuja mteja wa mjini. Gari lake kubwa halijui pori; ni la ofisini, sokoni na kupeleka watoto shule. Alitaka bampa la kutisha, ndivyo alivyosema. Pembe zichomoze mbele, bomba nene lisimame hadi usawa wa boneti, na juu yake taa nne. Akalipa nusu ya fedha palepale. Nilishukuru Mungu, maana kifungua mimba wetu alikuwa anaingia kidato cha kwanza shule ya bweni. Sehemu ya fedha ile ilinunua bomba na bati, iliyobaki nikaiweka kwenye ada.

Jumamosi moja bampa lilikuwa limeshikizwa kwa weldi chache tu, bado kumaliziwa. Binti yetu akatuletea chupa ya chai. Baba yake akamwambia, "Hebu nishikie futi hapo mbele." Akasimama katikati ya gari, akashika ncha ya futi, kisha akaegemeza paji la uso kwenye lile bomba.

"Baba, hiki chuma kimenifika machoni," akasema huku anacheka. Akasogea pembeni. Ile pembe iliyochomoza ikawa sawa na shingo yake. Akatoa ulimi, akajifanya mbuzi anayechinjwa.

Vijana wa gereji walicheka. Baba yake hakucheka. Alizima grainda, akakaa kwenye tairi bovu, akamwangalia mtoto mpaka mtoto mwenyewe akaona aibu akatoka.

Usiku akaniambia, "Mama, mtu mzima akigongwa na gari la kawaida, mara nyingi anapigwa miguuni, anaangukia boneti, na boneti ni bati laini, linabonyea. Mtoto hapigwi miguuni. Na mimi nimemwekea chuma kisichobonyea usawa wa kichwa."

Kifungua mimba alikuwa anasikiliza. Akachukua simu yangu, akatafuta. Tukajua kwamba wenzetu walishalijadili jambo hili muda mrefu. Australia, ambako bampa hizi ni nyingi kwa sababu ya kangaruu, waliweka mwaka 2002 kiwango kinachohusu usalama wa watumiaji wengine wa barabara. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2005 ulitoa agizo la kudhibiti vyuma vya mbele vya aina hii, kwa ajili ya waenda kwa miguu. Mume wangu amechomelea vyuma nusu ya umri wake na hakuna aliyewahi kumwambia.

Tulimwita mteja. Tukamwonyesha boksi jipya: bomba limeshuka chini, pembe zimelazwa nyuma kufuata mwili wa gari, kingo zote za mviringo, vishikilio vya kujikunja. Bei ileile. Alisikiliza, kisha akasema, "Mama, mimi nalipa, ninyi mnachomelea. Huyo mtoto wa kugongwa anatokea wapi? Mimi sigongi watu."

Nikamjibu, "Hakuna anayepanga kugonga, kaka yangu."

Akadai fedha zake.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilimvuta mume wangu nyuma ya kontena nikamwambia tumalize kazi, tulipwe, lijalo tutengeneze vizuri. Nikamkumbusha ada. Akanijibu kwa upole, "Ukitaka nilimalize, mwite binti yako asimame tena pale mbele, nimalize akiwa amesimama." Sikumwita.

Fedha tulirudisha kwa awamu mbili. Nusu nilikopa kwenye kikoba. Kijana wetu aliripoti shule siku tano baada ya wenzake, akiwa na nusu ya ada na barua ya kuomba muda. Usiku wa kuamkia safari aliniuliza, "Kwa hiyo mama, bampa la yule baba nimelilipia mimi?" Nilikuwa nakunja shati lake la sare. Nilitafuta jibu, sikulipata. Nikaendelea kukunja.

Gari lile naliona mara kwa mara. Lilifungwa bampa kwenye gereji nyingine, pembe zake zimechomoza vilevile, na asubuhi linapita njia wanayovukia watoto wa shule ya binti yangu. Hatukumwokoa mtu. Baba watoto husema tu, "Angalau halina mkono wangu."

Kwenye nguzo ya gereji kuna mstari wa rangi nyeupe, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili. Kila bampa hupimwa na mstari huo kabla ya weldi ya mwisho. Mteja wa mjini akitaka chuma kinachoufikia, tunamweleza; wapo wanaoelewa, wapo wanaoondoka. Magari ya porini bado tunayafungia bampa imara, kazi yao inahitaji hivyo, lakini nayo hayatoki na pembe kali. Hata gari la Serengeti linapita Mto wa Mbu na Karatu, na watoto wa huko nao wanavuka barabara.

Ada ya kijana ilikamilika mwezi Aprili. Alipokuja likizo alikuta mstari umefutika kwa mafuta. Akachukua brashi akaupaka upya, hakusema neno. Nami sikumuuliza.

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kuna gari kubwa, jioni ya leo fanya jambo moja. Gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, msimamishe mwanao mbele ya bampa. Angalia chuma kinamfika wapi. Kisha kaa kwenye kiti cha dereva, umtafute. Kama humwoni, mwite akae alipo wewe umwonyeshe kwa nini hapaswi kucheza hapo kamwe.

Na kama unafikiria kufunga bampa la chuma, muulize fundi maswali matatu: Lina uzito gani, na springi zitalibeba? Likigonga, nguvu itaishia wapi? Na kama gari lina mifuko ya hewa, itafunguka kwa wakati wake, maana vifaa vyake husoma jinsi gari linavyosimama ghafla, na chuma kigumu kinaweza kuvichanganya? Fundi akishindwa kukujibu, usimlaumu sana. Hata wa kwangu alikuwa hajui, mpaka mtoto alipomletea chai.