Mlima wa Duluth na magari yaliyoupanda

Duluth, Minnesota, ni mji ulioegemea mlima. Chini kabisa kuna Ziwa Superior, na kutoka ufukweni barabara zinapanda hadi zaidi ya mita 200 juu ya maji. Waliopima mji huo hawakuzizungusha barabara zifuate mikunjo ya mlima. Walizielekeza juu moja kwa moja. Kila zinapokutana na barabara za kando ya ziwa pana sehemu fupi iliyo bapa, kisha mwinuko unaanza upya. Majira ya joto hakuna anayelijali hilo. Kuanzia Novemba, gari likisimamishwa na taa nyekundu katikati ya mwinuko, lazima liondoke tena juu ya theluji ambayo matairi ya watu wengine yameishindilia mpaka inang'aa.

Nilifika huko kusoma mwaka 1991, nikitokea Makete, Tanzania. Tarehe 31 Oktoba theluji ilianza kuanguka, ikaendelea kwa siku kadhaa, na ilipokoma kipimo cha Duluth kilionyesha karibu sentimita 94. Utelezi niliujua tangu utotoni. Baba mdogo aliendesha Land Rover 109, na msimu wa mvua nilikaa kiti cha pembeni nikimtazama: kitasa cha njano unakibonyeza chini, ekseli ya mbele inaingia, mkono mwekundu unauvuta nyuma, unapata gia nzito. Lakini tope la Makete lina kitu ambacho theluji iliyoshindiliwa haina. Chini yake kuna ardhi, na tairi lenye meno makubwa huchimba mpaka likaifikia. Theluji ya barabarani huna cha kuchimba. Unapanda juu ya uso wenyewe au hupandi.

Mzee mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na pikapu, Ford F-150 ya miaka ya themanini. Theluji ikianguka alishuka, akachuchumaa mbele ya kila gurudumu la mbele akazungusha loki kwa mkono, ndipo akarudi ndani kuingiza foo-wili. Nyuma alipakia mifuko ya mchanga juu ya ekseli, kwa kuwa pikapu tupu ni nyepesi mno mkiani. Kupanda, ilipanda. Mfumo wa namna ile hufunga shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yakiteleza, ya mbele yanaendelea kuvuta. Shida ilikuwa kwenye kona. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma; shafti zikiwa zimefungwa pamoja, lazima kitu kiteleze, na mara nyingi ni pua ya gari. Unazungusha usukani, gari linakwenda lilikokuwa likienda. Na pale upepo wa ziwani ulipofagia theluji ukaacha lami tupu, ilibidi atoe foo-wili, la sivyo giaboksi ilikaza mpaka usukani ukawa mzito. Mlima mmoja ulikuwa na lami, theluji na barafu karibu karibu. Mzee yule aliingiza na kutoa njia nzima, na sijaona dereva makini kuliko yeye.

Mhadhiri wangu mmoja alikuwa na AMC Eagle, gari la familia lililoinuliwa kidogo. Lilianza kuuzwa kama modeli ya 1980, mwaka uleule Audi walipoonyesha Quattro yao Geneva. Ndani ya Eagle za mwanzo, kati ya shafti mbili, kulikuwa na kifaa chenye majimaji mazito ya silikoni. Shafti moja ikikimbia kuliko nyingine, majimaji yanazishika zote mbili, zikilingana, yanaziachia. Dereva hafanyi lolote. Kwangu mimi niliyekulia kando ya kitasa cha njano, hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote yaliyofuata. Uamuzi ulikuwa umetoka mkononi mwa dereva.

Gari langu la kwanza lilikuwa Subaru GL iliyokwishatumika, na lenyewe lilikuwa katikati ya zama hizo mbili. Kwa kawaida lilivuta mbele tu. Nyuma kulisubiri mkono wako. Ukiondoka kwenye mwinuko, uzito wa gari unarudi nyuma na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi wakati ule ule unapoyahitaji. Kwa hiyo niliingiza foo-wili chini kabisa, kabla mlima haujaanza. Baadaye nilihamia Legacy, ambayo magurudumu yake yote manne huvuta wakati wote, na kuanzia mwaka 1996, kwa miaka mingi, Subaru waliuza Marekani magari ya aina hiyo tu. Taa ya kijani ikiwaka, unagusa mafuta polepole, linaondoka. Marafiki waliokuwa na Jeep Cherokee walinicheka kwa gari langu la chini, na kwa upande mmoja walikuwa na haki. Jeep yenye gia nzito ilishuka vizuri kupita zote: injini ililizuia gari kupitia magurudumu yote manne kwa usawa, mguu ukiwa mbali na breki. Sijawahi kuona kifaa cha kielektroniki kinachotuliza moyo kama gia ile kwenye mteremko wa barafu.

Kisha breki zikaanza kufanya kazi ya loki ya difu. Difu ya kawaida huliacha gurudumu lililokosa mshiko lizunguke bure, na lile lililoshika linabaki bila nguvu. Mercedes walipoleta jipu lao la ML mwaka 1997, kompyuta ilikuwa inalibana kwa breki gurudumu linalozunguka bure, nguvu ikahamia kwa jirani yake. Unasikia mkwaruzo chini ya miguu, halafu gari linasogea. Magari madogo ya mtindo huo yalipozagaa, mengi yalikuwa yanavuta mbele tu mpaka yateleze, ndipo nyuma kuamke. Kwenye theluji mpya inatosha. Kwenye barafu ya mlimani, ule mtelezo wa kwanza unaing'arisha zaidi sehemu uliyosimama, na gari linaloamka kwa kuchelewa linaamkia mahali pabaya kuliko mwanzo.

Yote haya ni habari ya kupanda. Kusimama ni habari nyingine. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, liwe la foo-wili au la, na kinachoshika barabara ni mpira. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, na Januari ya Duluth hufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Wafini walilijua hili mapema. Tairi lao la baridi, Hakkapeliitta, lilitoka mwaka 1936. Siku za theluji nimeona gari dogo la kuvuta mbele, lenye matairi ya baridi, likisimama kwenye makutano pale pale jipu kubwa lilipopitiliza.

Sasa ninaendesha gari la umeme lenye mota mbili, moja kwa kila ekseli. Hakuna shafti kati ya mbele na nyuma, na mota hurekebisha nguvu kabla sijahisi kuteleza. Hakuna gari nililowahi kuendesha linaloupanda mlima ule kwa utulivu kama hili. Lakini betri ni nzito, na kwenye mteremko uzito huo wote unasukuma. Ukiondoa mguu ghafla, mota zinageuka breki. Kwenye barafu hilo linatosha kulilegeza gari, kwa hiyo nimejifunza kuuinua mguu taratibu.

Mwaka jana binti wa jamaa yangu, muuguzi, alihamia huku kutoka Iringa akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Wananiambia ninunue jipu kubwa."

"Marahaba mwanangu. Nunua matairi kwanza, gari tutalitafuta baadaye."

Tulipata RAV4 iliyotumika, ya bei nafuu kuliko aliyopanga, na fedha iliyobaki tuliipeleka kwenye Hakkapeliitta nne zisizo na misumari, maana Minnesota hairuhusu wakazi wake kutumia za misumari.