Nani Atakuambia Umeamka?

Kila anayeanza kusoma habari za Zen hukutana na swali moja mapema sana. Mimi nililikuta wiki ya pili ya shahada yangu ya uzamili hapa Kyoto. Je, ili mtu aamke ni lazima apitie mafunzo, anyolewe kichwa, aketi miaka chini ya mwalimu, apigwe fimbo begani akisinzia? Au kuamka huja kwenyewe, popote, kwa yeyote, kama mvua inavyomkuta mtu njiani? Darasani tuligawana swali hilo kama watu wa Simba na Yanga. Mimi nilikaa katikati, naandika maelezo ya pande zote mbili kwa kalamu za rangi tofauti. Lilikuwa swali zuri la mtihani.

Februari, Bibi alipofariki, halikuwa tena swali la mtihani.

Lakini nianze na Huineng, kwa sababu upande wa “huja kwenyewe” humtanguliza yeye. Huineng aliishi Uchina katika karne ya 7. Inasimuliwa kwamba alikuwa kijana maskini wa kusini, akiuza kuni ili amlishe mama yake mjane, na hakujua kusoma. Siku moja, akiwa amepeleka kuni kwa mteja, alimsikia mtu akisoma Sutra ya Almasi. Moyo wake ukafunguka palepale. Hakuwa ameketi hata siku moja. Akasafiri kwenda kaskazini hadi monasteri ya Hongren, Patriaki wa Tano, ambako alipelekwa kutwanga mpunga. Baada ya miezi minane Hongren alimwita usiku, akampa joho la urithi, akamwambia akimbie kabla watawa wasomi hawajajua kwamba mrithi ni mtwanga mpunga.

Ni hadithi tamu, hasa kwa mtu aliyetoka familia kama yetu. Ila ukiisoma taratibu utaona mambo mawili. Kwanza, Huineng alizinduka mlangoni kwa mteja, lakini hakubaki pale. Alitembea wiki kadhaa kumtafuta mtu wa kumwona, na alitwanga miezi minane kabla ya kuonwa. Pili, wanahistoria wanajua ni nani aliyempigia debe. Ni mwanafunzi wake Shenhui, ambaye mwaka 732, katika mjadala wa hadhara, aliishambulia shule ya kaskazini na kudai kwamba urithi wa kweli ulipitia kwa mwalimu wake. Kwa hiyo hadithi ya mtu asiye na cheti iligeuka kuwa cheti. Nasaba zote za Zen zilizodumu hadi leo huhesabiwa kupitia kwake.

Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hilo kwa jina lingine: ijaza. Babu yangu, mume wa Bibi, alikuwa mtu wa Kadiria huko Tanga. Sijawahi kumsikia akizungumzia alichokiona katika dhikri. Nilimsikia mara nyingi akitaja nani alimpa ruhusa shehe wake, na nani alimpa ruhusa shehe wa shehe wake, jina kwa jina, kama mtu anayehesabu ngazi akishuka gizani. Nilipoiona kwa mara ya kwanza orodha ya mapatriaki wa Zen ikiimbwa hekaluni asubuhi, nilimkumbuka yeye.

Sasa Februari. Bibi alifariki alfajiri akazikwa baada ya adhuhuri. Hata kama ningekuwa na nauli mkononi nisingewahi. Nilisikiliza mazishi kwa simu, upepo ukivuma kwenye maikrofoni, sauti za wanaume zikienda mbali kadiri jeneza lilivyoondoka uani. Wiki tatu zilizofuata niliishi kama mtu aliyemeza jiwe. Nilikula, nilikwenda maktaba, niliandika tanbihi.

Asubuhi moja nilikuwa naendesha baiskeli kando ya mto Kamo. Baridi ilikuwa kali na vidole vilikuwa vinauma. Koikoi mmoja wa kijivu alikuwa amesimama majini kwa mguu mmoja, kama wanavyosimama siku zote. Nilipunguza mwendo. Kisha, kwa muda wa dakika moja pengine, hakukuwa na mtu anayeomboleza. Sisemi kwamba nilisahau. Bibi alikuwa amekufa, hilo lilikuwepo, kama maji yalivyokuwepo na ndege alivyokuwepo na maumivu ya vidole yalivyokuwepo, lakini hapakuwa na mtu katikati akiyabeba yote hayo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hapakuwa na pengo. Nilitaka kucheka.

Halafu dakika ikapita, na nikashikwa na hofu. Ikiwa kile kilikuwa kweli, basi huzuni yangu ndiyo iliyokuwa ndoto, na nilipaswa kuiacha. Ikiwa kilikuwa ujanja wa akili iliyochoka, basi nilikuwa nimemcheka Bibi kaburini kabla ya arobaini yake. Nilihitaji kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, na vitabu nilivyokuwa navyo, ingawa vilijaa rafu nzima, havikukubaliana.

Ikkyu alinitia moyo. Alikuwa mtawa wa hapa hapa Kyoto, na inasimuliwa kwamba usiku mmoja mwaka 1420, akiwa katika mtumbwi kwenye ziwa Biwa, alisikia kunguru akilia, akaamka. Ndege na maji, kama mimi. Mwalimu wake Kaso alipotaka kumpa hati ya kuthibitisha, Ikkyu aliikataa. Baadaye alimshambulia vikali mwenzake Yoso, akimtuhumu kuuza uthibitisho kama bidhaa. Ukimsoma Ikkyu unapata hamu ya kuchana kila karatasi yenye muhuri.

Hakuin alinivunja moyo. Mwaka 1708, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa ameizama koani moja kwa siku na usiku mfululizo, na kengele ya hekalu ilipolia akaona dunia imepasuka. Alijiamini kupita kiasi. Alidhani katika miaka mia tatu hakuna aliyeamka namna ile. Akaenda kwa mzee mmoja huko Iiyama, anayejulikana kama Shoju, kumwonyesha alichonacho. Mzee alimshika pua akaipinda, akamwita shetani wa shimoni. Hakuin alikaa pale miezi kadhaa akitukanwa. Maisha yake yote yaliyobaki alifundisha kwamba kuona mara ya kwanza ni mlango tu, na kwamba wanaokaa mlangoni wakijipongeza ndio waliopotea zaidi.

Na yupo D. T. Suzuki, aliyezaliwa 1870 na kufariki 1966, mtu aliyeipeleka Zen Ulaya na Marekani kuliko yeyote. Wasomaji wake wengi waliondoka na picha ya tukio tupu la ndani, lisilohitaji hekalu wala taratibu. Wasomi wa siku hizi, Robert Sharf akiwa mmoja wao, wanasema picha hiyo ni ya kisasa mno, na kwamba mtawa wa kawaida wa Japani hutumia mafunzo yake akijifunza kuimba sutra, kufagia, kula kwa utaratibu na kuendesha ibada za wafu. Mimi naongeza jambo dogo. Suzuki mwenyewe aliketi miaka kadhaa katika hekalu la Engakuji, Kamakura, kabla ya kusafiri kwenda Marekani mwaka 1897. Aliyewaambia watu kwamba mlango uko wazi alikuwa ameusukuma kwa bega lake kwanza.

Nilipofika hapo nikaona nazunguka. Ndipo nikaanza kumfikiria Bibi kwa namna nyingine, si kama marehemu wangu bali kama mtu aliyekuwa anajua kitu.

Bibi alikuwa mkunga wa jadi katika kijiji kimoja nje ya Muheza. Watu walipotaka kumsifu walisema, “Yule hakusoma popote, ana kipaji cha Mungu.” Na waliotaka kumdharau walisema maneno hayohayo bila kipande cha mwisho. Aliwahi kupewa semina ya siku chache na sanduku lenye wembe, uzi na glavu. Miaka ya baadaye aliambiwa asizalishe tena, kazi yake iwe kuwasindikiza wajawazito zahanati. Alitii. Sanduku lilibaki chini ya kitanda.

Lakini si kweli kwamba hakusoma popote. Alinisimulia mwenyewe, tukichambua mchele. Alimfuata shangazi yake miaka saba. Miaka ya mwanzo kazi yake ilikuwa kuchemsha maji na kushika taa. Hakuruhusiwa kugusa tumbo la mtu. Akiuliza jambo, shangazi alimwambia, “Shika taa.” Hadi usiku mmoja shangazi akashikwa na homa, na mzazi wa pili kwa nyumba akashikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya.

“Nilifanyaje? Sijui nilifanyaje,” Bibi alisema. “Mikono ilijua kabla yangu.”

Asubuhi shangazi alijikokota kuja kutazama. Alimtazama mama, alimtazama mtoto, akalibonyeza tumbo, akakagua kondo la nyuma lililowekwa kwenye beseni. Hakumwuliza Bibi alijisikiaje. Alisema, “Kachemshe uji.” Tangu siku ile Bibi alikuwa anaitwa peke yake.

Katika hadithi hiyo, wapi mafunzo yalipoishia na wapi mikono ikaanza kujua yenyewe? Sioni mpaka. Miaka saba ya taa haikuutengeneza usiku ule. Wako wasichana walioshika taa wakabaki washika taa. Na usiku ule usingekuwa kitu bila hiyo miaka, ungekuwa msiba wa watu wawili. Jambo jingine ninaloliona ni kwamba shangazi hakukagua tukio. Alikagua beseni.

Mwezi Aprili nilikwenda kwa mtawa mkuu wa hekalu dogo ninakoketi kila Alhamisi. Mimi ni Mwislamu, yeye anajua, na hajawahi kuniuliza neno zaidi ya kama magoti yananiuma. Baada ya zazeni hunywa chai na wanaotaka kubaki. Siku ile nilibaki peke yangu. Kwa Kijapani changu cha kuchechemea nilimweleza mto, ndege, ile dakika, na hofu iliyofuata. Nilimwuliza moja kwa moja: ilikuwa kuamka, au haikuwa?

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, “Na leo asubuhi?”

Nilifikiri hakunielewa. Nikaanza kueleza upya. Akanyanyua mkono kidogo. “Hiyo nimeisikia. Nauliza leo asubuhi.”

Nikamwambia ukweli. Leo asubuhi nilikuwa dukani, nikaona tangawizi, nikakumbuka chai ya Bibi, nikalia mbele ya mboga hadi mfanyakazi akaniletea karatasi ya kujifutia.

“Hm,” alisema, akanimiminia chai. “Ulimshukuru?”

“Nani?”

“Wa karatasi.”

Nilimshukuru, ndiyo. Aliitikia kwa kichwa na kuniuliza kama nitaweza kuja Jumamosi kusaidia kufagia, kwa kuwa maua ya cheri yalikuwa yanaanguka na wazee wa kufagia ni wachache.

Nimekaa na mazungumzo hayo miezi mingi sasa. Hakuniambia ndiyo wala hapana, na kwa muda nilidhani amekwepa. Siku hizi nadhani alikuwa anatazama beseni. Ile dakika ya mtoni ilikuwa imekwisha, hakuna aliyeweza kuikagua, hata mimi. Kilichokuwepo mbele yake ni mtu aliyelia dukani na kukumbuka kusema asante.

Dogen aliulizwa na maisha swali linalofanana na letu. Alizaliwa mwaka 1200, akawa mtawa akiwa mtoto kwenye mlima Hiei, ule ninaouona kutoka dirisha la chumba changu. Kama watu wote wana asili ya Buddha tangu mwanzo, aliuliza, kwa nini wajisumbue na mafunzo? Mwaka 1223 alivuka bahari hadi Uchina kutafuta jibu. Meli ikiwa bado bandarini, alikutana na mtawa mzee, mpishi wa monasteri, aliyekuja kununua uyoga. Dogen alimsihi abaki wazungumze. Mzee akasema lazima arudi kupika. Dogen akamwuliza kwa nini mtu wa umri wake asiache jiko kwa wengine akaketi na kusoma. Mzee akacheka. Kijana kutoka ng'ambo, alimwambia kwa maana hiyo, bado hujajua mafunzo ni nini.

Aliporudi Japani Dogen alifundisha kwamba kuketi si njia ya kwenda kwenye kuamka. Kuketi ndiko kuamka kwenyewe, kukifanywa. Nilipousoma ufafanuzi huo mwaka wa kwanza niliuweka kwenye kundi la mafumbo ya kupendeza. Sasa nausoma kama habari za jikoni. Uji ukichemshwa vizuri, hauulizi kama mchemshaji ana cheti au ana kipaji.

Darasani bado wanabishana, na tasnifu yangu lazima ichukue upande, maana msimamizi wangu anataka hoja na si uji. Nitaandika kwamba Zen imekuwa ikitumia hadithi za walioamka bila mafunzo kulinda mafunzo yake, na ushahidi ninao. Huzuni haijaondoka. Nimeacha kuipima na ile dakika kuona ipi ni ya kweli.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Desemba mahekalu ya Zen huketi mfululizo kukumbuka kuamka kwa Buddha, na mtawa amesema naweza kushiriki nikitaka, kwa sharti nije mapema kufanya usafi. Nilimweleza Mama kwa simu. Akaniuliza nitakuwa nafanya nini huko asubuhi hizo zote za baridi. Nikamwambia hasa nitakuwa nafagia.

“Yaani mwanangu,” alisema, “umevuka bahari zote hizo kwenda kujifunza kufagia?”

Tulicheka hadi salio lake likakata.