Firimbi ya Garimoshi la Baba

Jumamosi moja nilimkuta Baba uani amepakata garimoshi lake dogo. Alistaafu kutoka karakana ya reli, lakini mvuke haujamtoka moyoni. Boila ya shaba ilikuwa tayari; zilibaki vali ya usalama, geji na firimbi. Nami, nikijifanya fundi, nikatwaa drili nitoboe tundu niikaze firimbi papo hapo.

"Wewe, weka chini!"

Usicheke, msomaji. Nina miaka zaidi ya thelathini, lakini niliiweka.

Ukuta wa boila, alisema, ni mwembamba. Meno ya skrubu hayana pa kushika. Kwanza hutiwa bushi nene ya bronzi, ikaungwa kwa lehemu ya fedha, isiyoyeyuka mpaka joto lipite digrii 600. Lehemu ya redio niliyokuja nayo huanza kuyeyuka kwenye digrii 183. Na shaba ya njano? Maji moto huila zinki yake, ikabaki na vitundu kama sifongo.

Akaniachia bushi moja niiunge, ya firimbi.

Kisha akajaza boila maji baridi, hewa yote ikatoka, akapiga pampu hadi paundi 160 kwa inchi ya mraba, mara mbili ya kazi yake. Maji yakipenya hudondoka tu. Mvuke ukipasua boila huua.

Tone likatokea. Bushi yangu.

Mwanangu alikuwa ameshaleta kigoda akae karibu aone moto. Baba hakunilaumu. Alifungua presha, akanipa msasa.

Moto hatukuwasha siku hiyo.